Leso Sita: Mabibi Zetu Walikiona Wapi Kisutu?



Siku chache zilizopita tulikaa na bi harusi mmoja nyumbani kwao, siku ya kujaribu hina. Simu yake ilikuwa na picha nyingi mpaka mwenyewe hajui idadi. Mikono ya mabibi harusi wa Dubai, kumbi za Istanbul, magauni ya Beirut, na sahani za maua ambayo hapa kwetu hayaoti. Mpaka hina alijitahidi, lakini ua alilolitoa halikuwa lile la kwenye picha. Bi harusi akautazama mkono wake, akaitazama simu, akalia. Si kilio cha deko, alikuwa amechoka kweli. Miezi minane alikuwa akitafuta harusi yake ndani ya harusi za watu wengine.

Bibi yake hakumwambia nyamaza. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kisutu alichokuwa amekikunja kwa asumini kavu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, kimepauka kidogo kwenye mkunjo. Akakitandaza juu ya magoti ya mjukuu wake akasema, "Na hiki, mwanangu, mabibi zako walikiona kwenye simu ya nani?"

Sote tulicheka, na bi harusi naye akacheka huku machozi yanamtoka. Lakini swali lile tuliondoka nalo. Walikiona wapi? Wanawake wa visiwa hivi walipotaka kupendeza, na hakuna wa kuwatumia picha, jicho lao lilikuwa linatua wapi? Ndiyo maana leo tumeamua kuandika habari ya kanga, ingawa najua kuna atakayesema kanga anaijua, analalia kila siku. Tuliijua na sisi, tulidhani.

Turudi nyuma kwenye karne ya 19. Nguo iliyokuwa ikivaliwa na wanyonge wa Unguja na pwani yote ilikuwa merikani, kitambaa cheupe kizito cha pamba, kisicho nakshi, kilicholetwa na majahazi makubwa ya Wamarekani waliokuja kununua pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Jina lake linasema lenyewe kilikotoka. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na kitambaa hicho kikasambaa mpaka bara. Merikani ikitiwa rangi ya nili ikawa nyeusi inaitwa kaniki. Hizo ndizo zilikuwa nguo za mtumwa. Mwanamke aliyefungwa kaniki, mabega wazi, alikuwa hahitaji kujitambulisha, nguo imeshamtambulisha.

Na kichwa je? Hapa ndipo tunawaomba mtulie kidogo. Wanahistoria walioandika juu ya mavazi ya Zanzibar wanatueleza kwamba watumwa hawakuruhusiwa kufunika vichwa vyao mbele ya mabwana zao. Kwa mwanamume ilikuwa kunyimwa kofia. Kwa mwanamke wa Kiislamu, na wengi wao walishasilimu, ilikuwa kunyimwa kitu ambacho sisi tunakivaa asubuhi bila ya kufikiri. Binti wa tajiri alitoka amejifunika gubigubi, na aliyembebea mzigo nyuma yake kichwa wazi, na wote wawili wanaswali kuelekea kibla kimoja.

Sasa katika nchi hiyohiyo, sokoni, zikauzwa leso. Neno lenyewe ni la Wareno, ambao waliacha maneno mengi kwetu kuliko walivyoacha wema. Leso zilikuja zikiwa zimepigwa chapa mfululizo kwenye jora moja, na muuzaji anakukatia moja moja kwa mkasi. Za kufungia fedha, za kujifutia jasho. Kitu kidogo sana. Hakuna aliyezileta leso zile akifikiria nguo ya mwanamke.

Inasimuliwa kwamba kuna wanawake, wa Unguja kwa kauli ya wengi, ingawa ndugu zetu wa Mombasa wana ubishi wao, waliokwenda dukani wakasema usikate. Nikatie sita kwa pamoja. Wakazipeleka nyumbani, wakakata safu ile katikati, wakaziunga tatu juu na tatu chini, ikatoka nguo moja ya upana wa kujifunga. Wengine wakawa hodari zaidi. Walinunua leso za aina mbalimbali, wakachanganya, wakashona nguo ambayo hakuna mwengine mtaani aliyekuwa nayo.

Tafadhali litazameni jambo hili kwa macho ya mwanamke yule. Leso imepita mbele ya watu wote wa sokoni. Mwarabu ameiona, Mhindi ameiuza, baharia ameifutia uso. Yeye ndiye aliyeiona ni nguo. Hakuwa na cherehani wala hakuwa na mwalimu, alikuwa na sindano na jicho ambalo halijaamini kwamba leso lazima ibaki leso.

Wenye maduka nao si wajinga wa biashara. Walipoona hivyo, wakaagiza kitambaa kilichopigwa chapa kuwa kizima tangu huko kiwandani. Mojawapo ya mitindo ya mwanzo ilikuwa na madoa meupe juu ya rangi ya giza, na watu wakaona inafanana na manyoya ya yule ndege wa porini, kanga. Jina likaganda. Wapo wanaosema jina lilitokana na kelele, kwamba wanawake wakivaa vile wakakusanyika walisikika kama kundi la kanga. Sisi hatuna haja ya kusema ni nani aliyeanzisha kauli hiyo ya pili, mnawajua. Tunakwenda na madoa.

Ndege wa porini, basi. Nguo yetu ya heshima, tunayoifungia maiti na kuipokelea mtoto mchanga, tunayoswalia na kujifungia jikoni, imeitwa kwa jina la ndege anayekimbia vichakani akidonoa wadudu. Na waliompa jina hawakumwona kuwa ni mdogo. Katika Suratul Ghashiya Mwenyezi Mungu anatuuliza kama hatumtazami ngamia namna alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa. Ngamia kwa Waarabu wa wakati ule hakuwa ajabu, alikuwa amefungwa nje ya mlango. Kitu cha kila siku ndicho tulichoambiwa tukitazame.

Mwaka 1897 ikatoka amri ya kuondoa utumwa Zanzibar. Masuria hawakuingizwa ndani yake, wao walisubiri mpaka mwaka 1909, na hilo peke yake lingetosha makala nzima. Lakini kwa maelfu ya wanawake maisha yalianza upya, wengi wao wakihamia Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, kwenye vibanda vya udongo na makuti. Walikuwa hawana ardhi. Wengine hawakuwa na hata ukoo wa kuutaja. Na jambo moja walilolifanya, katika yale ya mwanzo kabisa, lilikuwa kuiacha kaniki na kununua kanga.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande ni kama sentimita 150 kwa 110. Kimoja unajifunga. Cha pili, unajua mwenyewe kinakwenda wapi. Kinakwenda kichwani na mabegani. Tumekaa na jambo hili muda mrefu kuliko yote mengine wakati tunaandika. Kile kitambaa kidogo cha kufutia jasho, kilichoungwa na wanawake kwa sindano, ndicho kilichowafunika vichwa wale waliokuwa wamekatazwa kufunika. Tunaposoma kwenye vitabu kwamba wanawake hao walipenda sana kanga mpya, na kwamba walitumia fedha zao nyingi kwenye mitindo ya mwezi, msomaji wa haraka ataona anasa. Sisi hatuoni anasa. Tunaona mtu anayechagua, kwa mara ya kwanza katika umri wake, rangi itakayogusa nywele zake.

Kuna na waliokuwa hawana uwezo wa kununua ya dukani. Hao walitumia merikani ileile, wakaipiga chapa kwa mihuri ya kuchonga na rangi za kienyeji. Yaani nguo ya unyonge, mkononi mwao, ikapakwa maua.

Kisha yakaja majina. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi. Maandishi yalianza mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa sana ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Kanga zake zilikuwa na alama ya "Mali ya Abdulla", na mpaka leo ukifunua sanduku la bibi yako huenda ukaikuta pembeni. Majina yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu wanaozisoma walisoma chuoni, kisha zikaja herufi hizi za Kirumi.

Sasa maneno yenyewe yalitoka wapi? Yalitoka uani. Yalitoka kisimani kwa foleni ya maji, kwenye ugomvi wa wake wenza, kwenye msiba, kwenye mkwe asiyeridhika. Mwenye duka alijua kuhesabu jora, lakini fumbo la kumchoma jirani bila ya kumtaja jina hilo lilihitaji mwanamke. Ndiyo maana mtu alinunua kanga kwanza kwa jina, rangi baadaye. Unaijua hali ya kuingia dukani Darajani na shoga yako akakushika mkono: "Soma hii, hii ya fulani." Maskini muuzaji anangoja bei, nyinyi mnacheka.

Na michoro ni hivyohivyo. Tazama mji wa kanga, ile sehemu ya katikati ndani ya pindo. Utakuta nanasi, karafuu, jogoo, mnazi, mkungu wa ndizi. Lile umbo la tone lililopinda kichwa, ambalo limetoka Uajemi na India na limezunguka dunia nzima kwa majina makubwa makubwa, lilipofika kwetu wanawake wakalitazama mara moja wakasema, korosho. Na kweli ni korosho, huwezi kuona kitu kingine ukishaambiwa. Hivi ndivyo walivyofanya na kila kilichotoka nje. Hawakukikataa, wala hawakukinakili kama kilivyo. Walikitafutia jina kwenye shamba lao.

Hatusemi hivi ili mtu afute picha zake za simu. Kanga yenyewe haina asili moja: neno la leso la Kireno, pamba ya Marekani kisha ya Manchester, viwanda vya India, Uholanzi na Japani, mfanyabiashara wa Kihindi, herufi za Kiarabu. Kiwanda cha Urafiki Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 tu, kabla ya hapo karibu kila kanga iliyovaliwa hapa ilivuka bahari. Waliokuja na vitu walikuwa wengi. Lakini palipokuwa na mkasi na sindano, alikuwa ni mwanamke wa hapa.

Tumtaje na Siti binti Saad, maana hadithi yake inafanana na ya leso. Alizaliwa Fumba, kusini ya Unguja, katika miaka ya 1880, wazazi wake watu wanyonge, na jina alilopewa kwanza lilikuwa Mtumwa. Kwao walifinyanga vyungu. Alichukua vyungu kichwani akaja kuviuza, na inasimuliwa kwamba alikuwa akiimba ili watu wasikie anapita. Sauti ya kuuzia vyungu! Mwaka 1928 sauti ile ilipelekwa Bombay ikarekodiwa kwenye sahani za santuri, na yeye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufika hapo. Shaaban Robert alimwandikia wasifu wake, jambo ambalo wanawake wachache wa zama zile walilipata.

Taarabu ya kabla yake ilikuwa ya kasri, kwa Kiarabu, kwa masikio ya wakubwa. Siti alikaa Ng'ambo na masikio yake yalikuwa Ng'ambo. Aliimba kwa Kiswahili habari za mtaani na za mahakamani. Kuna wimbo wake juu ya mtu aitwaye Kijiti, aliyemdhulumu na kumuua mwanamke mgeni, akakimbilia bara, na mwishowe walioadhibiwa na mahakama ni wanawake wenyeji wa yule marehemu. Hii si habari ya maua wala ya rangi. Tunaitaja kwa sababu siku hizi ukisikia neno ubunifu unaletewa picha ya kikombe cha kahawa na kitabu kizuri mezani, kama kwamba msukumo wa kuumba kitu huja tu mtu akiwa ametulia. Siti aliyatoa aliyoyatoa kwenye uchungu wa majirani zake. Aliwasikiliza pale ambapo hakimu hakuwasikiliza.

Mabibi harusi, tumewasahau kidogo, turudini kwenu.

Nusu ya vitu vya harusi yetu vimetoka kwenye ua wa nyumba. Hina ni majani ya mti uliopandwa pembeni ya kisima. Kikuba ni asumini, mkadi, rehani na waridi, vikafungwa pamoja kwa uzi, na mtu wa kwanza aliyevichanganya alikuwa anavinusa kila jioni akipita, siku moja akavikusanya. Karafuu ililetwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19 kuwa mali ya masultani na matajiri, ikapandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Lakini gunia likipita kuna chembe zinazoanguka, na wanawake waliziokota wakazisaga, wakazitia kwenye singo ya kumsugulia bi harusi. Kila somo ana mchanganyiko wake na hakuambii wote. Tumeuliza kwa masomo watatu, tumepata majibu manne.

Hapo kwenye hina tuseme neno moja, si la historia lakini tutakuwa tumekosa amana tusiposema. Hina ya majani hutoa rangi ya machungwa mpaka kahawia iliyokoza. Haiwi nyeusi. Piko nyeusi ti inayopakwa leo mara nyingi ni rangi ya nywele, na imewaunguza watu ngozi, wengine siku mbili kabla ya harusi. Jaribuni kwanza kidogo, mapema, mahali pasipoonekana. Na mwenye kuweza kuiacha aiache.

Kisutu sasa. Kati ya kanga zote hiki ndicho kinachohesabiwa kuwa ni cha zamani miongoni mwa vya zamani, na hakina jina. Hakisemi fumbo lolote. Rangi tatu tu, na nakshi ndogo ndogo zinazorudiwa mpaka jicho linazama. Watu wa pwani wamewavisha mabibi harusi kisutu vizazi kwa vizazi, na ukikitazama vizuri, zile nakshi zilizopangwa kwenye visanduku, na pindo linalozunguka, utahisi bado unaiona ile safu ya leso. Tatu juu, tatu chini. Nguo imepigwa chapa kiwandani kipande kizima, lakini hesabu ya sindano haikuondoka.

Hilo bibi wa bi harusi wetu hakulisema kwa maneno ya vitabu. Yeye alimwonesha kwa kidole. "Hapa ndipo palipokuwa na mshono," alimwambia, na kidole chake kikafuata mstari ambao kwa kweli haupo.

Tulirudi nyumba ile wiki iliyofuata. Simu ilikuwepo palepale juu ya mto, na ukumbi wa Istanbul bado ulikuwa unazungumzwa, tusidanganyane. Lakini kisutu kilikuwa kimetandikwa chini, na mpaka hina alikuwa amekaa mbele yake na koni mkononi, anatazama nguo, anatazama kiganja, anatazama nguo. Alichora pindo kwenye kifundo cha mkono, mistari miwili na nukta ndani yake. Mgongoni mwa mkono akagawa visanduku. Ndani ya kimoja bi harusi alitaka ua la asumini kwa sababu ya zile kavu zilizokuwa ndani ya mkunjo, ndani ya kingine alitaka chungu, kwani kwao upande wa mama ni wafinyanzi wa shamba. Chungu kilitoka kama yai. Wakakifuta wakakirudia.

Bibi akavaa miwani yake, akaushika mkono wa mjukuu akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua taratibu kama anayesoma barua.

"Mstari huu umepinda," akasema.

"Uacheni," bi harusi akajibu, na akaunyoosha mkono juu ya kisutu ukauke.